Mtoto wa Kolwezi: magoli 3 na miaka 10 ya kazi



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu feza ya likelemba, mama mmoja alibaki nyuma. Alingoja wengine watoke, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: «Mwalimu, huyu mutoto wangu anapenda mupira kupita kitabu. Mupira utamupeleka wapi mutoto mwanamuke?»

Hatukumjibu vizuri siku ile. Jua lilikuwa linashuka na kila mmoja wetu alikuwa anafikiri makala na bukari ya jioni. Tulimwambia tu: «Mama, tutaandika.» Basi leo tunaandika. Na kwa sababu swali ni la mtoto wake mwenyewe, tutamjibu kwa habari ya mtoto mwingine, aliyezaliwa karibu nasi.

Jina lake ni Grace Geyoro. Alizaliwa Kolwezi tarehe 2 mwezi wa saba, mwaka 1997. Wamama wa umri wetu wanaukumbuka mwaka ule. Sisi tulikuwa bado watoto wa shule ya msingi. Katika mwezi wa tano Zaire iligeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, bendera ikageuka, na wakubwa nyumbani walikuwa wanasikiliza redio mpaka usiku. Majuma machache baadaye, kule Kolwezi, mama mmoja alizaa mtoto mwanamke. Hakuna mtu wa redio aliyetangaza hilo.

Grace alikuwa bado mdogo sana wakati jamaa yake ilipohamia Ufaransa. Alikomalia upande wa Orléans, mji ulio kusini ya Paris, kando ya mto Loire. Leo anajulikana katika dunia nzima ya mpira wa wanawake. Amekuwa kapiteni wa Paris Saint-Germain, ile kilabu ambayo watoto wetu wanavaa majezi yake barabarani, na amechezea timu ya taifa ya Ufaransa tangu mwaka 2017.

Wengi kati yetu tulimfahamu siku moja tu: tarehe 10 mwezi wa saba, 2022. Siku ile, katika mji wa Rotherham kule Uingereza, Ufaransa ilicheza na Italia katika Kombe la Ulaya la wanawake. Kabla ya mapumziko Grace alikuwa amefunga magoli 3. Katika historia yote ya kombe lile, hakuna mwanamke aliyekuwa amefunga magoli 3 katika kipindi cha kwanza. Mechi iliisha 5 kwa 1. Alikuwa ametimiza miaka 25, siku nane tu mbele ya hapo.

Watu waliona dakika 45. Sisi tunaofundisha watoto tunataka kuwaonyesha miaka 10 iliyokuwa nyuma ya zile dakika 45. Maana jibu la swali la mama yetu liko ndani ya miaka ile.

Grace hakuanza na kilabu kikubwa. Alianza na kilabu kidogo kinachoitwa Magdunois, upande huohuo wa Orléans. Vilabu vidogo vya Ufaransa havina utajiri. Mara nyingi wazazi wenyewe ndio wanaofua majezi, ndio wanaopeleka watoto kwa gari siku ya mechi, na kocha ni mtu wa kujitolea ambaye anatoka kwenye kazi yake ya siku na kuja kiwanjani jioni. Lakini kuna kitu kimoja ambacho vilabu vile vinacho: vinafungua kila juma. Mtoto anajua kwamba siku fulani, saa fulani, kuna kiwanja, kuna mpira, na kuna mtu mkubwa anayemngojea. Hata mvua ikinyesha juma hili, juma lijalo saa ni ileile.

Mwaka 2012, mwaka aliotimiza miaka 15, Grace aliingia Paris Saint-Germain kwa upande wa vijana. Hapo tunaomba wamama wasome polepole. Kuingia hakukuwa kucheza mbele ya watu wengi. Kuingia kulikuwa kujifunza. Kule Ufaransa kijana anayechukuliwa kwa mafunzo na kilabu kikubwa haachi masomo. Anasoma na kucheza pamoja, kwa sababu wote wanajua kwamba kati ya vijana wengi wanaoingia, ni wachache watakaokula kwa mpira. Na hata hao wachache, goti moja likivunjika, wanahitaji diploma.

Baadaye alipanda kidogo kidogo kwenye timu kubwa. Hatua baada ya hatua, kama mtoto wetu anavyotoka kalasi ya kwanza kwenda ya pili.

Mwaka 2016 ulikuwa mwaka wake wa mtihani. Kwanza alikuwa katika timu ya Ufaransa ya wabinti wa chini ya miaka 19, iliyochukua Kombe la Ulaya kule Slovakia kwa kuishinda Uhispania 2 kwa 1. Kisha mwishoni mwa mwaka uleule akaenda mbali, Papua New Guinea, kwa Kombe la Dunia la wabinti wa chini ya miaka 20. Ufaransa ilifika mpaka finali. Grace ndiye aliyefunga goli la kwanza la finali ile. Lakini Korea ya Kaskazini ilirudisha, ikaongeza, ikashinda 3 kwa 1.

Mwezi wa kwanza, mwaka 2017, aliitwa kwa mara ya kwanza kucheza na wakubwa wa timu ya taifa. Ilikuwa mechi na Afrika ya Kusini, ikachezwa kwenye kisiwa cha Réunion. Alikuwa na miaka 19. Mwezi wa sita mwaka uleule, Paris Saint-Germain ilifika finali ya Ulaya kule Cardiff, mbele ya Lyon, timu iliyokuwa na nguvu kupita zote. Hakuna aliyefunga. Wakapiga penalti moja moja mpaka zikafika kwa walinda goli wenyewe. Mlinda goli wa Lyon akafunga, wa Paris akakosa. Ikaisha 7 kwa 6.

Hesabuni basi, wamama: katika muda wa miezi saba, finali mbili kubwa, na zote mbili akarudi nyumbani bila kombe. Mtoto wa miaka 19. Kama angekuwa katika mtaa wetu, tungesikia watu wanasema nini? Tungesikia: «Unaona? Mupira ni kupoteza wakati. Kaa nyumbani.» Na pengine tungesema hivyo sisi wenyewe, kwa kumhurumia.

Kule, siku iliyofuata, kiwanja kilifunguliwa saa ileile.

Kuna jambo lingine la miaka ile ambalo sisi tunalipenda sana. Mwanzoni mwa 2017 kilabu kilimleta mwanamke wa Brazili anayeitwa Formiga, mchezaji wa katikati kama Grace. Formiga alizaliwa mwaka 1978. Kombe lake la kwanza la Dunia alicheza mwaka 1995, wakati Grace alikuwa hajazaliwa bado. Mpaka mwaka 2019 alikuwa amecheza Makombe ya Dunia 7, na hapakuwa na mtu mwingine, mwanaume wala mwanamke, aliyefikisha hesabu hiyo. Huyu mama wa mpira alikaa Paris mpaka 2021. Maana yake miaka minne na zaidi, binti wa Kolwezi alikuwa anafanya mazoezi kando ya mtu aliyekuwa na karibu miaka 40 na bado anakimbia. Sisi wote tulijifunza kutwanga, kupika na kuuza sokoni kwa namna hiyo: kwa kusimama kando ya mama anayejua na kuangalia mikono yake.

Tumesema «mchezaji wa katikati». Tuieleze kazi hiyo, kwa sababu wengi tunaangalia mpira na macho yetu yanamfuata yule anayefunga tu. Wachezaji ni 11. Kuna anayelinda goli, kuna wanaokaa nyuma kuzuia, kuna wa mbele wanaotafuta goli. Wa katikati anawaunganisha wote. Mpira ukitoka nyuma unapita kwake. Adui akipita, yeye ndiye wa kwanza kumfuata. Anakimbia kupita wengine, na mara nyingi jina lake halitajwi. Zaidi ya miguu anatumia macho: mbele ya kupokea mpira anakwisha kugeuza kichwa, anajua nani yuko kulia, nani yuko kushoto, nani amechoka. Mama anayeongoza nyumba yenye watoto saba asubuhi, huyu anatafuta kiatu, huyu hajanywa chai, huyu amejificha asiende masomo, atafahamu kazi hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Kazi ya namna hii haifundishwi kwa siku moja. Mkimbiaji anaweza kuzaliwa na mbio. Lakini kuona kiwanja chote kunatoka katika kucheza, na kucheza, na kucheza tena, tangu utoto. Ndiyo sababu miaka ya kati, tangu 10 mpaka 16, ina thamani sana kwa mchezaji wa katikati. Na ndiyo miaka ileile ambamo wabinti wetu wanaacha.

Hapa tunapaswa kusema kosa letu wenyewe.

Mwaka wa masomo uliopita, katika kalasi yetu ya tano, kulikuwa binti mmoja wa miaka 11. Wakati wa mapumziko alikuwa anacheza na wavulana, mpira wa masashe uliofungwa na kamba. Alikuwa anacheza vizuri kuwapita. Alikuwa haangalii mguu wake. Alikuwa anaangalia wenzake. Siku moja alirudi kalasini na vumbi mpaka kwenye nywele na mkono wa sare umepasuka. Sisi tulikuwa tumechoka, kalasi ilikuwa na watoto wengi na joto. Tukamsimamisha mbele ya wote, tukamwambia: «Wewe ni mwanaume? Mwanaume anaandika mbele ya ubao? Rudi nyumbani uoge.» Kalasi yote ilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, namna mtoto anavyocheka ili asilie.

Hakucheza tena. Tulifikiri tumemfundisha adabu. Lakini mwezi ulipopita tuliona kwamba hanyooshi tena mkono, na hesabu, aliyokuwa anaipenda, ilishuka. Kisha mama yake alikuja. Hakuja kwa kelele. Alikaa kwenye benchi ya mtoto, akasema: «Mwalimu, mutoto wangu alikuwa anakimbia kuja ku masomo. Sasa kila asubui ananiambia tumbo inamuuma. Nimemupeleka ku lopitali, hawaone kitu. Mulimufanyia nini?»

Tulikuwa na diploma ya pedagojia, wamama. Tumesoma vitabu juu ya mtoto na mchezo, tumefanya mtihani juu yake, tumeupita. Na mama anayeuza mboga ndiye aliyetuonyesha kwamba tulikuwa tumemfungia mtoto mlango aliopitia kuja masomoni. Tulimwomba mama msamaha. Kesho yake tulimwomba mtoto pia, mbele ya kalasi ileile, maana aibu tulimpa mbele yao.

Hatuwaambii kwamba binti huyo atakuwa Grace Geyoro. Hatujui, na haitupasi kumwekea mzigo huo kichwani. Tunawaambia tu kwamba sasa anacheza Jumatano na Jumamosi, kwamba tumbo haliumi tena, na kwamba mama yake ametuwekea masharti. Lakini mwaka ujao ataingia shule ya sekondari. Shangazi yake anataka aje kumsaidia dukani kila siku baada ya masomo. Mama hajaamua bado. Tunaandika pia kwa ajili ya mama huyo.

Kwa nini wabinti wanaacha wakifika miaka 12 au 13? Tumewauliza wenyewe. Wa kwanza wanasema maji: saa ya mpira ni saa ya bidoni. Wengine wanasema wadogo zao: hakuna wa kumbeba mtoto. Wengine wanainamisha kichwa, na tunajua ni ile siku za mwezi zimeanza, na hawana kitambaa kizuri, na wanaogopa damu ionekane mbele ya wavulana. Wengine wanasema maneno ya watu: kwamba mpira unaharibu tumbo la uzazi, kwamba binti wa mpira hatazaa.

Neno hili la mwisho tulijibu wazi, kwa sababu linatisha wamama wengi. Si kweli. Mpira hauondoi uzazi. Katika timu ya taifa ya Ufaransa, mwenzake Grace, Amel Majri, alizaa binti mwaka 2022, na mwaka 2023 akaenda Kombe la Dunia kule Australia na mtoto wake mchanga akiwa pamoja naye kambini. Anayeharibu tumbo la mtoto wa miaka 13 ni yule anayemwoza mapema, si mpira.

Pengine mama mwingine atasema: huyo Grace ni wa Ulaya, anachezea Ufaransa, sisi inatuhusu nini? Tunasikia pia wengine wakisema kwa uchungu kwamba alituacha. Mtoto aliyebebwa mkononi hachagui njia. Alilelewa kule, alifundishwa kule, alichezea kule. Sisi tunajiuliza swali lingine, na linatuuma kidogo: wale wasichana waliozaliwa Kolwezi mwaka uleule 1997 na hawakuondoka, nani aliwafungulia kiwanja kila juma saa ileile? Tunajua wangapi kati yao walikomalia kando ya mashimo, wakiosha mawe ya madini badala ya kukaa kalasini. Mguu wa mtoto wa Kolwezi ulikuwa na kipaji. Grace ameonyesha dunia yote. Kilichokosekana hapa kilikuwa juu yetu sisi wakubwa.

Na tusiseme kwamba hapa kwetu haiwezekani. Mwaka 1998, Grace akiwa na mwaka mmoja, timu ya wanawake ya Congo ilichukua nafasi ya tatu katika Afrika nzima, kule Nigeria. Na hapa hapa Lubumbashi, wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la vilabu vya Afrika tarehe 23 mwezi wa kumi na moja, 2024, kwa kuishinda AS FAR ya Morocco goli 1 kwa 0, katika nchi ya Morocco kwenyewe. Aliyewafundisha ni mwanamke, Lamia Boumehdi. Watoto wetu wanaweza kuonyeshwa mfano bila kuvuka bahari.

Sasa tuseme mambo ya kufanya, maana mama aliyetuuliza anahitaji kitu cha kuanza nacho Jumatatu.

Jambo la kwanza ni saa. Mtoto haombi siku nzima. Anaomba siku mbili katika juma, saa moja na nusu. Mama wa kalasi yetu alifanya hivi: Jumatano kaka mtu ndiye anayechota maji. Kaka alinung'unika majuma mawili, kisha akazoea. Na siku zingine binti anafanya kazi yake kama kawaida. Mkigawa kazi ya nyumba kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, ile saa itapatikana.

Jambo la pili ni masomo. Wekeni sharti: kazi ya kalasi kwanza, mpira baadaye. Sharti hili si la kumtesa. Hata kule kwa Grace, kijana wa mafunzo anasoma na kucheza. Lakini msifanye mpira kuwa fimbo. Mtoto akipata maksi mbaya, kumkataza mpira mwezi mzima kunaweza kumtoa kwenye yote mawili. Tumeona kwa macho yetu. Mkae naye kwanza mtafute sababu.

Jambo la tatu ni mwili wake. Mbinti anayekimbia anahitaji kula. Hatusemi nyama kila siku. Maharagi, karanga, sombe, ndakala, yai likipatikana, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Siku za mwezi zikianza, mama amweleze mbele ya wengine kumweleza, ampe vitambaa safi viwili au vitatu, amfundishe kuvifua na kuvianika juani, na suruali fupi nyeusi ya kuvaa chini ya kaptula. Feza ya kazi hiyo ni ndogo, na pengine ndiyo itakayomweka mtoto kiwanjani na kalasini pia.

Jambo la nne ni ulinzi, na hapa tunasema kwa nguvu. Mama umjue kocha. Uende siku moja usimame kando ya kiwanja, akuone. Uulize: nani mwingine mkubwa yuko hapo? Mazoezi yanaisha saa ngapi? Binti wanarudi pamoja au mmoja mmoja? Mtoto asirudi peke yake usiku. Asiingie katika nyumba ya kocha kuchukua jezi. Na siku binti atakaposema «sitaki tena kwenda» bila sababu, usifurahi kwamba amepata akili. Muulize taratibu, na mara nyingi. Pengine kuna mtu amemgusa au amemwambia neno baya.

Jambo la tano ni wale wauza ndoto. Atakuja mtu na simu nzuri, atasema amemwona binti wako, anaweza kumpeleka Ulaya au nchi za Waarabu, lipa kwanza feza ya makaratasi. Kumbukeni njia ya Grace. Kilabu kidogo cha nyumbani, kisha mafunzo pamoja na masomo, kisha timu ya vijana, kisha wakubwa; na alikaa katika kilabu kimoja cha Paris tangu 2012 mpaka 2025, ndipo akahamia London City Lionesses kule Uingereza. Miaka 13 katika nyumba moja. Anayekuahidi Ulaya katika miezi mitatu, na anakuomba dola wewe, huyo anatafuta dola zako, au jambo baya kupita dola. Usimpe pasi ya mtoto, usimpe mtoto.

Tumalize habari ya Grace pale tulipoiacha. Baada ya zile finali mbili za kupoteza, Paris ilichukua Kombe la Ufaransa mwaka 2018, mbele ya Lyon ileile, 1 kwa 0. Mwaka 2021 ikachukua ubingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza. Lyon ilikuwa imeuchukua mara 14 mfululizo, tangu 2007. Mwaka uliofuata ndipo ilipokuja ile jioni ya Rotherham na magoli 3. Tangu siku alipoingia mafunzo mpaka jioni ile ilikuwa miaka 10.

Basi, mama yetu mpenzi uliyebaki nyuma kutuuliza: mpira utampeleka wapi mtoto mwanamke? Kwa wabinti wengi sana, mpira hautawapeleka Paris. Utawapeleka masomoni asubuhi bila tumbo kuuma. Utawafundisha kushindwa siku ya Jumamosi na kurudi Jumatano. Utawapa wenzao wa kutembea nao barabarani na kichwa kilichozoea kugeuka na kuona kabla ya hatari kufika. Na ikitokea kwamba mmoja kati yao ana kipaji cha kweli, miaka yake ya kati haitakuwa imeliwa.

Wewe huna Orléans, una kiwanja cha nyuma ya masomo na bidoni la njano. Anza na Jumatano.

Jumapili, baada ya likelemba, tutabaki kidogo wote pamoja. Wamama wenye wavulana wakubwa waje pia, tutazungumza habari ya nani atachota maji. Na kama yule mama wa kalasi ya tano atapenda, aje na shangazi mtu. Tutamwekea kiti.

Mubaki salama, mpaka juma lijalo.